Firigisi ya Mdakaji

Hezron alinuna siku ya Jumatano, na mechi ilikuwa Ijumaa. Nilijua amenuna kwa sababu alinirudishia glavu zangu.

Glavu zenyewe ni zile za mpira za kuoshea vyombo, rangi ya njano. Alizichukua jikoni kwangu ligi ilipoanza, akadai zinashika kuliko gundi. Kila mechi alitaka jozi mpya na kila mechi nilimpa, maana akikosa glavu anakosa hamu, na akikosa hamu mpira unampita kama mtu wasiyejuana naye. Sasa alizikunja vizuri, akaziweka kwenye meza ya kukatia vitunguu, akatoka.

Wakati huo nilikuwa mpishi mkuu katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni moja ya maghala huko Al-Sulay, Riyadh. Nina diploma ya upishi, nilikuwa na wanaume themanini wa kulisha, na sikuwa na nafasi ya michezo. Lakini bosi wetu, Abu Rakan, alikuwa amesoma Marekani, akarudi na digrii moja na ugonjwa mmoja. Ugonjwa ulikuwa futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira uliochongoka huku na huku kama papai changa, ambayo mtu mmoja hurusha na mwingine hukimbia mbele kudaka. Kwetu hakukuwa na kuangushana. Kila mchezaji alining'iniza vitambaa kiunoni, na ukimchomoa kimoja basi umemkamata. Bosi aliwaambukiza wenzake wenye viwanda na maghala, ligi ikaanza.

Wachezaji aliwapata uani kwake. Alfayo alikuwa akisimama juu ya lori na kurusha katoni za nepi, Hezron yuko chini anazidaka, hata zile zilizokwenda upande. Bosi aliwatazama mpaka kahawa yake ikapoa. Kesho yake Alfayo akawa mrushaji na nahodha, Hezron akawa mdakaji.

Kipaji Hezron alikuwa nacho, sitamnyima. Aliweza kujipinda hewani kama paka aliyerushwa dirishani, akatua na mpira kwa mkono mmoja. Kosa lilikuwa la bosi, aliyewaonyesha video za wadakaji mashuhuri wa Marekani, wale wanaolipwa mamilioni. Wenzake walitazama wanavyokimbia. Hezron alitazama wanavyonuna. Aliona mmoja akimfokea mrushaji wake mbele ya umati, mwingine akitupa kofia chini kwa sababu hakurushiwa mpira, mwingine akicheza densi peke yake huku wenzake wakimsubiri. Kabla hajazijua kanuni, Hezron alishajua kukaa kwenye benchi na taulo kichwani. Hata kazini, Alfayo akimrushia mwenzao Bonface katoni moja tu, Hezron alikwenda kukaa kivulini.

Ningewaacha wanuniane mpaka wazeeke, kama si Valary.

Valary ni binti yangu. Alinifuata Saudia mwaka 2014, na wakala aliniapia kwamba atapangiwa Riyadh tuwe karibu. Akapelekwa Jeddah, Aziziya, kwenye nyumba ya watoto wanne. Nilipompigia wakala akaniuliza kwani si nchi ni moja, mama. Ni moja, na katikati kuna jangwa la kutwa nzima kwa basi. Tangu afike sikuwa nimemtia machoni. Mimi nikipata ruhusa, madam wake ana wageni. Madam akikubali, mimi ikama yangu, kile kibali cha kukaa, iko ofisini inafanywa upya na siwezi kusafiri.

Halafu bosi akatangaza kwamba fainali itachezwa Jeddah. Timu ikifika huko, kampuni itatoa basi, na mpishi atakwenda nayo, kwa sababu hataki wachezaji waharishe njiani. Nikampigia Valary, naye akambembeleza madam wake mpaka akampa asubuhi ya Ijumaa ya fainali. Kwa hiyo tukishinda nusu fainali, namwona mtoto. Tukishindwa, mafi basi, mafi Valary, hakuna kitu.

Na Hezron amerudisha glavu.

Chanzo kilikuwa firigisi. Kwetu Kakamega kuku ana mpangilio wake, na firigisi huenda kwa mwenye nyumba, mwanamume mwenye heshima kuliko wote walioketi. Mwanamke haigusi, isipokuwa kuisafisha. Kabla ya mechi ya kwanza nilipata kuku mmoja wa kuchinjwa, mzima na vya ndani vyake, nikampika pamoja na wale wa barafu wasio na kitu tumboni. Firigisi nikaichota nikaitia kwenye sahani ya Hezron, si kwa heshima yoyote, ni vile alikuwa karibu. Siku hiyo alidaka kila kitu. Basi kabla ya kila mechi ikawa yake, akawa anaisubiri ameketi wima.

Alfayo naye ni wa kwetu, na ni mkubwa kwa Hezron. Alivumilia, kisha akaja jikoni akanieleza kwa adabu nyingi kwamba anaona kuna kitu kimekuwa kikipotea njia. Nikaona ana haki. Jumatano ile nikampa Alfayo firigisi, na saa hiyohiyo nikarudishiwa glavu.

Alhamisi nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nilinunua firigisi tupu, trei kwa trei, nikazikaanga na pilipili hoho, kila mtu akapata. Hezron aliitazama sahani yake, kisha akaitazama ya Bonface, ambaye tangu ligi ianze hakuwa amedaka hata mafua.

"Mama Valary," akasema taratibu, "sasa hata Bonface?"

Akaisukuma sahani. Nikamgeukia Alfayo anisaidie, nikakuta naye ameisukuma yake. Bonface alikula zote tatu. Jioni hiyo nilikuwa na wanunaji wawili badala ya mmoja, na katika diploma yangu somo hilo halikuwamo.

Nusu fainali ilichezwa ndani ya kompaundi ya wageni, dhidi ya vijana wa kiwanda cha vioo, wepesi kama panzi. Mimi nilikaa pembeni na abaya yangu na beseni la machungwa. Alfayo alimrushia kila mtu isipokuwa Hezron. Aliwarushia hata watu waliokuwa wamempa mgongo. Mara moja tu, bosi alipompigia kelele, akaupeleka kwa Hezron. Hezron alikimbia vizuri, akageuka vizuri, akafika mahali pake akakunja mikono, mpira ukamgonga kifuani ukaanguka. Akautazama pale chini kana kwamba yeye ni mpita njia. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma kwa mabao mawili, na mimi nilimwona Valary akisogea mbali zaidi ya Jeddah alikokuwa.

Sikuhubiri. Nilimpelekea Hezron chungwa, nikainama sikioni kwake. Nikamwambia kwamba Jeddah binti yangu ataleta kuku wa kuchinjwa asubuhi hiyohiyo, na kuku huyo ana firigisi moja, na firigisi hiyo ni yake. Ila asimwambie Alfayo, mtu mzima atajisikia vibaya. Hezron akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa glavu, maana nilikuwa nazo mfukoni.

Kisha nikampelekea Alfayo chungwa, nikamwambia maneno yaleyale. Ila asimwambie Hezron, si anajua alivyo.

Kipindi cha pili sijui nikisimulieje. Alfayo alirusha mipira mirefu kama ya mtu anayetupa mizigo yake yote, na Hezron alikuwa chini ya kila mmoja. Aliudaka mmoja akiwa ameanguka chali. Vijana wa vioo walibaki wameshika vitambaa hewa. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa mbele, nami nikagundua nimekamua chungwa zima kwenye abaya yangu.

Wiki iliyofuata kambi ilikuwa na amani ya ajabu. Kila mmoja alimhurumia mwenzake. Kwenye basi la kwenda Jeddah, Alfayo alimwachia Hezron kiti cha dirishani, na Hezron akamkatia Alfayo nusu ya mkate wake, kisha akaja kuninong'oneza kwamba maskini Alfayo, mtu mzuri sana. Baadaye Alfayo akaja kuninong'oneza kuhusu maskini Hezron. Mimi nilikuwa nahesabu firigisi, na kila nikihesabu inakuja moja. Kuikata vipande viwili isingefaa. Kwetu firigisi ikikatwa, umetukana wawili badala ya mmoja. Nilikuwa nimemweleza Valary shida yote kwa simu. Alinijibu tu, sawa mama. Mdomo wangu anao, ila huwa hautumii kwenye simu.

Ijumaa asubuhi, karibu na uwanja wa Jeddah, gari la madam wake likasimama na Valary akashuka amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amenenepa kidogo, jambo lililonifurahisha. Mikono yake ilikuwa mikavu kwa sabuni ya unga, jambo ambalo halikunifurahisha. Nilimshika mashavu nikamgeuza huku na huku kama ninayechagua tikiti. Akaniambia dereva amepewa mpaka saa sita, na nikianza kulia tutapoteza muda. Kwa hiyo hatukulia, au tulilia tukitembea.

Timu ilikuwa tayari imeketi kwenye mkeka. Hezron alikuwa amevaa glavu na huku ameshika sahani. Alfayo alikuwa amechomekea jezi. Valary akafungua sufuria, mvuke ukatoka, na juu ya mchuzi ikaonekana ile firigisi, moja tu, imekaa peke yake kama chifu.

"Firigisi hupewa nani?" Valary akauliza watu wote.

"Mwenye nyumba," akasema Alfayo, na akasimama. Hezron naye alikuwa ameshasimama.

Wakatazamana. Niliona huruma ikiwatoka usoni polepole na kitu kingine kikiingia.

"Mama Valary aliniahidi mimi," akasema Hezron.

"Aliniahidi mimi," akasema Alfayo. "Akaniambia nisikwambie, kwa vile ulivyo."

"Kwa vile nilivyo vipi?"

Valary akaichoma firigisi kwa uma, akawapita wote wawili, akaileta mpaka mdomoni kwangu. Nikamwambia aache upuuzi, hiyo si ya wanawake.

"Nyumba niliyokulia ilikuwa na mwenye nyumba mmoja, na hakuwa na ndevu," akasema. "Fungua mdomo, mama, dereva ananisubiri."

Nikafungua. Hakuna aliyetafuna isipokuwa mimi. Nilitafuna muda mrefu, maana firigisi haina haraka. Ni tamu kiasi. Ina ugumu wa soli ya kiatu iliyopikwa na mtu anayejua kupika, na nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Nikawafikiria mama yangu na shangazi zangu wote waliokuwa wakisafisha kitu hiki na kukipeleka sebuleni wakiwa wamepiga magoti, nikaona tulidanganywa. Paja ni bora.

Hezron alivua glavu moja. Nikajua basi, kombe limekwenda. Kisha akamgeukia Alfayo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Uso kwa uso."

"Na akatafuna," akasema Alfayo.

Hezron akavaa glavu yake. Bosi akaita yalla, nao wakaingia uwanjani bega kwa bega, wamenuna pamoja kwa mara ya kwanza, wameninunia mimi.

Mechi sikuiona. Mimi na Valary tulikaa upande wa pili wa basi, penye kivuli. Alinieleza kwamba madam ana hasira za karibu lakini chakula hanyimi, na kwamba mtoto wa mwisho anamwita yeye mama na hajui amjibu nini. Nilimpaka mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja, kisha akalala mapajani mwangu kama alipokuwa mdogo, miguu ikitokeza kwenye jua. Uwanjani watu walipiga kelele, wakanyamaza, wakapiga tena. Mara moja kelele zilikuwa kubwa mpaka basi likatikisika. Hatukuinua vichwa. Saa sita dereva akapiga honi, Valary akachukua sufuria yake, akaenda. Nikasimama nikiangalia barabara hata baada ya gari kukata kona.

Hapo ndipo Hezron alipokuja, amelowa jasho, kombe kichwani kama ndoo ya maji. Tumeshinda. Mpira wa mwisho, kwa mkono mmoja, juu ya watu wawili. Alikuwa amesahau kabisa kwamba hatuongei.

"Uliuona?"

Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja na ilitosha. "Sikuuona," nikasema.

Taulo likapanda kichwani Jeddah, likabaki hapo tukapita Taif, tukapita vituo vyote. Hakula. Bosi, aliyekataa ndege ili apande basi na kombe lake, aliniuliza mchezaji wake anaumwa nini. Nikamwambia anaumwa umaarufu.

Alasiri tulisimama kituo cha mafuta. Duka na pampu vilikuwa vimefungwa kwa swala, tukashuka kusubiri. Nilikuwa na uzito wangu mwenyewe kifuani na sikutaka kukaa nao. Nikaenda nikagonga lile taulo kama mlango.

"Haya. Nionyeshe."

Akalivuta taulo chini zaidi. Lakini Alfayo alikuwa ameshautoa mpira chini ya kiti. Bonface na mwenzake wakajitolea kuwa maadui. Hezron akavaa glavu polepole, kama mtu anayefanyiwa fadhila ya kufanya fadhila, akakimbia, akazipita pampu, akalipita lori la kondoo, na Alfayo akauachia mpira ukapanda juu kabisa. Hezron akaruka kati ya wale wawili, mkono mmoja wa njano ukautoa mpira hewani, akaangukia rundo la matairi mabovu. Kondoo wote walilia kwa pamoja.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alfayo akasema ule wa Jeddah ulikuwa mrefu zaidi. Hezron akasema, bila taulo, kwamba ulikuwa sawa, ila Jeddah hakukuwa na kondoo.

Nikamuuliza bosi fainali ya mwaka ujao itakuwa wapi. Akasema Jeddah tena, inshallah.

Duka lilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kuingia. Nilimnunulia Hezron maji baridi na glavu mpya, nikampelekea kwa mikono miwili.