Kupanda Walkley

"Sis, hizo dakika umenipa ni za mtu anayeteremka," Ciku alisema kwenye simu, kisha akavuta pumzi. "Mimi napanda."

Kulthum alisogeza kiti karibu na kompyuta. Kwenye ramani ya Sheffield, Uingereza, alama mbili nyekundu zilikuwa zimekaribiana kama vifungo vya shati. Moja ilikuwa nyumba ya mzee wa Malin Bridge, chini mtoni, ambaye Ciku alikuwa ametoka kumwogesha na kumvisha. Ya pili ilikuwa ya Bi Doreen, juu Walkley, ambako Ciku alitakiwa awe ameshafika, chai imeshawekwa motoni na dawa zimeshatolewa. Katikati ya alama hizo hapakuwa na kitu ila rangi ya kijivu.

"Mbona naona ni hapo tu," Kulthum alisema.

"Uliniambia mama yako ni wa Gatanga."

"Ndiyo, ni wa huko."

"Basi unajua. Na mtu wa ng'ambo ya bonde mnaweza kusalimiana yeye akiwa kwake na wewe kwako, mkaongea mpaka habari zikaisha. Lakini ukitaka kumpa mkono, shuka mpaka mtoni, halafu upande tena. Sheffield ni hivyo. Na leo barabara imeganda. Natembea kama mtoto anayejifunza."

"Pole, Ciku. Jikaze tu. Bi Doreen bado hajanywa dawa."

"Najikaza."

Simu ikakatika. Kulthum alibaki ameshika kalamu ambayo hakuwa na kazi nayo. Chini ya ofisi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu alikuwa akikata mabati, na kila msumeno ulipolia dirisha liliitikia. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

Kila asubuhi alitoka Kiganjo, Thika, akaja Kimbo, Ruiru, kwenye chumba hicho cha ghorofa ya pili, akapanga siku za watu ambao hakuwahi kuwaona. Kampuni ilikuwa Uingereza, ikihudumia wazee majumbani mwao. Wahudumu walikuwa huko, wengi wao Wakenya, na wapangaji walikuwa Ruiru. Kazi ya Kulthum ilikuwa kuamua nani aende kwa nani, saa ngapi, na apewe muda gani wa kutoka nyumba hii hadi ile.

Alikuwa ameanza na Hull. Mji huo umelala karibu sawa na bahari, tambarare kama sinia, na huko kompyuta haikuwahi kumdanganya: alama zilipokaribiana, nyumba nazo zilikaribiana. Kisha kampuni ikapata wazee wa Sheffield. Byron, msimamizi wao, kijana wa Juja mwenye shati lililopigwa pasi kila siku, aliichukua kanuni ya Hull, ya kuhesabu muda wa njiani kwa umbali wa ramani, kama ilivyo akaipachika Sheffield, kama mtu anayehamisha mlango kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kupima fremu. Hakuna aliyeuliza. Kulthum naye hakuuliza.

Na asubuhi hiyo alifanya zaidi ya kutouliza. Mhudumu mmoja wa mtaa wa Crookes, huko huko Sheffield, alipiga simu kusema anaumwa, na wazee wake wakabaki bila mtu. Kulthum alitafuta mahali pa kumega. Aliona Ciku amewekewa dakika za nafasi kabla ya Bi Doreen, nafasi iliyoonekana ya bure kwa mwendo mfupi namna ile, akaikata ipatikane ya mzee mmoja wa Crookes. Vidole vyake vilifanya hivyo kabla hajamaliza chai.

Sasa aliitazama nukta ya buluu, ambayo ilikuwa simu ya Ciku. Ilikuwa imetoka mtoni, ikapanda, ikasimama.

Alingoja isogee. Haikusogea.

Alipiga. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena. Akapiga ofisi ya Sheffield, akawekewa muziki.

"Byron, Ciku hasogei."

Byron alikuja akainama nyuma ya kiti chake. "Amesimama kupumzika."

"Hashiki simu."

"Pengine mikono imeganda. Kulthum, kama amechelewa tena leo, unajua ni mara ya tatu. Watamwita ofisini."

Alijua. Kibali cha Ciku cha kukaa Uingereza kilikuwa kimefungwa kwa mwajiri kama mbuzi kwenye kigingi. Kigingi kiking'olewa, mbuzi hana malisho.

"Nampigia Bi Doreen," Kulthum alisema.

"Haturuhusiwi kupigia wateja."

"Najua."

Byron hakumzuia. Alirudi mezani kwake, akapiga ile namba ya muziki yeye mwenyewe.

Bi Doreen alishika simu baada ya muda mrefu, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaongea na yeyote tangu alipoamka. Kulthum alijitambulisha kwa Kiingereza cha ofisini. Aliuliza kama mhudumu wake amefika.

"Hajafika, na nisingemtarajia," Bi Doreen alisema. "Hakuna anayepanda huku leo. Hata gari la takataka lilifika katikati likarudi kinyumenyume. Nani amemtuma?"

Kulthum alijibu, "Ni mimi."

"Wewe uko wapi, mpenzi?"

"Kenya. Mahali panaitwa Kimbo."

"Kuna mlima hapo?"

"Hakuna. Tafadhali, Bi Doreen, dirisha lako linatazama upande gani? Unaweza kuona barabara?"

Kulthum alisikia simu ikilazwa juu ya kitu kigumu. Alisikia kifaa cha kumsaidia kutembea kikiinuliwa na kutuliwa, kikiinuliwa na kutuliwa, na katikati ya mituo hiyo pumzi za mwanamke mzee. Aliwaza kwamba huyu naye huenda akaanguka, na wote wawili wangekuwa wameanguka kwa mkono wake. Msumeno chini ulinyamaza. Ofisi nzima ilikuwa imegeuka kumtazama.

Kisha akasikia dirisha likifunguliwa kwa nguvu, na sauti ile kavu ikapanda, ikaita jina la mwanamume, mara mbili, mara tatu, kwa ukali wa mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali.

Mituo ikarudi polepole.

"Nimeona koti la buluu," Bi Doreen alisema. "Ameketi kando ya ukuta, chini kidogo ya kwangu. Ameushika mkono wake. Jirani yangu ameshuka na chumvi ya kuyeyusha barafu na blanketi. Anaongea naye, nadhani, maana msichana anatikisa kichwa. Usikate simu."

Kulthum hakukata. Machozi yalimtoka akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Nimeishi hapa tangu niolewe," Bi Doreen alisema baadaye. "Mume wangu alikuwa akisema mtu akifika kwetu apewe chai kwanza, ndipo aulizwe amefuata nini. Wewe uliyempa muda, ulimpa wa chai?"

Kulthum alifungua tena ratiba ya Ciku, akaitazama nafasi aliyoikata.

Mfupa wa kifundo cha mkono wa Ciku ulikuwa umevunjika. Habari zilifika Kimbo mchana, pamoja na swali kutoka ofisi ya Sheffield: je, mhudumu alipewa muda wa kutosha, au alikuwa akikimbia kufidia uzembe wake?

Byron alilisoma swali hilo kwa sauti ya chini, akavuta kiti akaketi karibu na Kulthum. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake Juja na kanuni yake kutoka Hull, na vyote viwili alivibeba kwa hofu ileile.

"Tukisema muda ulitosha, yameisha," alisema. "Kompyuta yenyewe inasema ulitosha. Hatutakuwa tumedanganya."

"Na Ciku?"

"Atapewa onyo. Labda."

"Labda arudishwe."

Byron alilisoma swali la Sheffield tena.

"Andika mimi ndiye nilikata," Kulthum alisema. "Kulikuwa na nafasi, nikaiondoa. Na hata kabla sijaiondoa haikuwa inatosha. Waambie ile kanuni ni ya Hull. Waambie Walkley ni juu."

"Wanaishi huko, Kulthum. Wanajua ni juu."

"Basi waandikiwe, wajue sisi pia tumejua."

Byron aliisogeza kibodi karibu. Kisha akaandika. Aliandika polepole, akifuta na kurudia, na Kulthum akasimama nyuma yake hadi neno la mwisho. Jibu lilikuja kabla zamu haijaisha. Ciku hangehesabiwa kosa. Kuhusu mpangaji, suala lake lingetazamwa.

"Kesho usije kwanza," Byron alisema, akiinua na kurudisha kikombe ambacho hakikuhitaji kuinuliwa. "Nitakupigia."

Kulthum alikuwa akishuka ngazi Ciku alipopiga simu, sauti imelegea kwa dawa.

"Sis, mum hajui. Nikimpigia ataona plasta, pressure ipande. Na akisikia kwa watu wa kanisa itakuwa mbaya zaidi. Si uko Kimbo? Mugutha kwake ni hapo tu, mwambie wewe."

"Ni hapo tu," Kulthum alisema.

Alichukua boda boda. Mugutha ilikuwa ikijengwa kila upande, mawe yamepangwa kando ya njia, mikokoteni ya mchanga imepaki mbele ya mageti ambayo hayakuwa na nyumba bado. Ardhi ilikuwa tambarare mpaka macho yakachoka. Alipomuulizia Mama Ciku kwenye kibanda cha mboga, mwenye kibanda alijifuta mikono akasema ndiye yeye, Magdalene, na kwani kuna nini.

Kulthum alisema kwanza kwamba Ciku ni mzima. Kisha akasema mkono. Kisha akasema barafu.

Magdalene alikaa juu ya kreti. "Alianguka ndani ya hospitali?"

"Hafanyi kazi hospitali, Mama. Anaenda kwa wazee nyumbani kwao. Kwa miguu. Ni mji wa milima."

"Milima?" Magdalene alirudia. "Mimi nilijua Ulaya ni tambarare. Kwa picha naona ni barabara tu na maua." Alinyoosha kanga magotini. "Sisi tuliuza shamba letu Gatanga tukaja huku ili mtoto asibebe maji akipanda. Sasa ameenda mbali hivyo akapande."

Kulthum angeweza kunyamaza hapo. Kazi aliyotumwa ilikuwa imekwisha.

"Mama, mimi ndiye nampangia. Leo ndiye nilimpa muda mdogo. Alikuwa anaharakisha kwa sababu yangu."

Mteja alikuja akataka sukuma wiki. Magdalene alisimama, akaikata, nyembamba, bila haraka, kisu kikipita karibu na vidole. Akafunga, akapokea, akarudisha chenji. Kulthum alisimama pale pale, hajui kama ameambiwa aende au abaki.

"Ulijua kuna mlima?" Magdalene aliuliza mwishowe, bila kugeuka.

"Aliniambia. Sikumsikia."

"Haiya." Lilikuwa neno dogo, halina hasira wala msamaha. Alisogeza kreti nyingine kwa mguu. "Keti. Umesimama kama askari. Sasa nipigie yeye nimwone."

Ciku alitokea kwenye simu akiwa kitandani chumbani kwake, mkono wenye plasta kifuani, macho mazito. Mama yake hakulia. Alimwambia aonyeshe vidole, avikunje, avikunjue. Akamuuliza amekula nini. Wakaongea Kikuyu kwa muda mrefu, na Kulthum, ambaye Kikuyu cha mama yake alikijua nusu, alisikia jina lake likitajwa mara moja.

"Mum anataka kuona huo mlima," Ciku alisema kwa Kiswahili. "Ngojeni."

Picha ilitikisika, ikapita ukutani, ikafika dirishani. Mugutha jua lilikuwa likishuka. Huko Sheffield mwanga ulikuwa umeanza kufifia. Kulthum alishika simu karibu na uso, Magdalene akaegemea bega lake, akinuka vitunguu na dhania.

Kumbe ulikuwa huo. Nyumba za matofali zilikuwa zimepandana, paa la hii kwenye msingi wa ile, madirisha yakianza kuwaka mstari juu ya mstari, na barabara ikikwea katikati yake wima kana kwamba imeegemezwa tu, itaanguka. Kulthum aliinua kidevu ili aufuate hadi juu, na kilele hakikuingia kwenye picha.

"Uuui," Magdalene alisema polepole.

Katikati ya mteremko palikuwa na mtu. Alikuwa mdogo kama punje, amevaa koti la buluu, mfuko begani.

"Huyo ni nani?" Kulthum aliuliza.

"Wamempa zamu yangu," Ciku alisema. "Mgeni. Amekuja juzi kutoka Machakos."

Yule mtu alipanda hatua chache akasimama. Alitoa simu mfukoni, akaitazama, uso ukang'aa kidogo kwa mwanga wake. Kando yake palikuwa na ukuta mfupi. Kulthum aliona jinsi alivyouangalia ule ukuta, kisha barabara, kisha simu tena.

"Keti," Kulthum alinong'ona. "Keti kidogo."

Magdalene alimshika mkono, akaubana, bila kuondoa macho kwenye kioo. Koti la buluu lilikuwa limesimama bado, katikati, na upepo ulikuwa ukilivuta.