Maziwa ya Karani wa Tiketi

Treni ya saa tatu na robo kwenda Niš ilikuwa imechelewa dakika hamsini, kama ilivyo desturi yake kila Jumanne, na katika ukumbi wa kusubiria wa stesheni ya Lipovdol walikuwamo watu tisa na kuku mmoja kapuni. Nevenka alikaa kwenye benchi lililo karibu na jiko la kuni, amempakata mwanawe Uroš. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na nyonga isiyokaa sawasawa, ndiyo maana kila Jumanne na Ijumaa alipelekwa Niš kunyooshwa miguu. Alipoanza kulialia, Nevenka alifungua vifungo viwili vya sweta, akamweka titini, akashusha ncha ya skafu juu ya shavu lake. Jambo hili alikuwa amelifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, akijigeuza kulia na kushoto, mpaka akaridhika kwamba anayeonekana ni mwanamke aliyepakata mtoto, basi. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alikaa mbele za watu bila wasiwasi.

Blagoje, karani wa tiketi, alimwona kupitia kidirisha chake. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minne, hana mke wala mtoto, sare yake imepigwa pasi kila siku ya Mungu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mbali wakisikia habari hii humfanya zimwi. Alitoka kibandani, akaja akasimama mbele ya Nevenka na kumtazama kwa kitambo. Baadaye alieleza kwamba ilimbidi atazame kwanza, ili awe na hakika na kile anachokikataza.

"Dada, sio hapa," alisema. "Kuna watu."

"Na huyu ni nini, kaka Blagoje, furushi?"

"Nje kuna benchi. Au nenda chooni."

Zagorka, muuza mayai, aliyaangalia mayai yake kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Nevenka alifunga vifungo, akabeba mtoto, akatoka.

Ilikuwa katikati ya Novemba na upepo ulikuwa unashuka kutoka korongoni. Hapa kwetu upepo unaopita kati ya mlango na dirisha huogopwa kuliko mbwa mwenye kichaa. Unapinda shingo, unatoboa figo, na mwanamke anayenyonyesha ukimpitia kifuani atajuta. Kila mtu aliyekuwamo ukumbini anaujua upepo huo, na kila mtu humwonya jirani yake juu yake. Siku ile hakuonywa mtu.

Kwenye benchi la nje Uroš alivuta mara mbili, akaachia. Nevenka akambadilisha upande, mtoto akavuta tena, akaachia, akamtazama mama yake. Matiti yote mawili yalikuwa matupu kama mifuko iliyokung'utwa. Wakati huohuo Blagoje alikuwa amerudi kwenye kidirisha na anamgongea Zagorka muhuri wa tiketi.

"Kaka, unavuja," Zagorka alimwambia.

Blagoje alijitazama. Kwenye shati lake la samawati palikuwa na madoa mawili ya duara, moja kila upande, nayo yalikuwa yanapanuka. Alifunga koti, akamrudishia chenji yake.

Maziwa huchukuliwa kwa jicho, hilo si jipya. Ndiyo sababu wanawake wawili wanaonyonyesha wakikutana njiani hupeana kipande cha mkate, kila mmoja abaki na chake. Ila hakuna aliyewahi kufikiria kupeana mkate na karani wa tiketi.

Nyumbani, mama mkwe wa Nevenka, Stamenka, alimsikia mtoto analia tangu getini. Alimbonyeza Nevenka kifua mara moja, hakuhitaji mara ya pili.

"Nani alikutazama?"

"Blagoje wa stesheni."

"Yule? Kikombe cha kahawa chenyewe hakibebi bila kukimwaga. Atayabeba maziwa yeye?"

Walijaribu maziwa ya kopo na Uroš akayatapika. Wakajaribu ya kopo jingine, akayatapika pia. Siku ya tatu nesi anayepita majumbani alimweka kwenye mizani, akaandika kitu na kukipigia mstari chini, akasema kwamba mtoto huyu hana akiba ya kupoteza. Nevenka hakulala siku zile tatu. Alikaa akiyatazama mashavu ya mwanawe yakishuka, naye anajua kabisa chakula chake kilipo, kilivyo kingi, na kwamba kiko mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Blagoje naye alikuwa na yake. Kila saa mbili alifunga kidirisha na kwenda chooni kujikamua kwenye sinki. Choo hakikuwa na taa wala komeo, kwa hiyo alilazimika kuzuia mlango kwa mguu huku akijikamua, na mara moja mzee fulani alimfungulia akiwa katikati ya shughuli. Akamwandikia mkuu wa stesheni barua kuomba komeo. Komeo likapigwa siku hiyohiyo, na taa juu yake. Wanawake wa Lipovdol walikuwa wameliomba komeo hilo miaka miwili.

Ijumaa Nevenka alisimama mbele ya kidirisha, mtoto mkononi. Hakuwa na haja ya kusema mengi. Uroš alinusa, akageuza kichwa, akapitisha mkono kwenye tundu la kupokelea tiketi na kushika kifungo cha sare. Blagoje alikitazama kile kimkono. Kisha akafungua mlango wa pembeni.

Walianzia chooni, kwa sababu ndiko alikozoea. Lakini Tihomir, mkuu wa stesheni, aliposikia, alikuja mwenyewe kugonga.

"Mtumishi wa reli kunyonyesha chooni?" alisema. "Tunaiaibisha sare, Blagoje. Toka huko."

Kiti chenye mito kikaletwa kutoka ofisini mwa mkuu na kuwekwa kando ya jiko. Madirisha yakafungwa, na wanaume wawili wakaziba ufa wa mlango kwa magazeti ili upepo usimguse kifuani. Zagorka akachemsha chai ya kisibiti, ambayo huongeza maziwa, akampelekea na biskuti juu ya kisahani. Mtu aliyetaka kuchungulia alikemewa na wenzake amwache karani apumue. Blagoje aliona haya siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu alifungua vifungo vya sare bila kugeukia ukuta. Wiki ya pili mkuu alibandika tangazo mlangoni, limepigwa chapa na kutiwa muhuri, linalowaomba abiria wafunge mlango na wapunguze sauti kwa sababu mtumishi ananyonyesha. Watu walikuja kutoka vijiji vya juu kumpa mkono. Walisema dume la kweli ni hili.

Mtoto alinenepa, na hilo hakuna anayeweza kulikana. Maziwa ya usiku Blagoje aliyakamua kwenye chupa, na Nevenka aliyabeba kwenda nayo nyumbani ndani ya koti lake yasipoe. Mchana alimleta stesheni mara nne, akasimama kando ameshika nepi na taulo. Alikuwa na wivu, wivu mbaya, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu kila mtu alimwambia yeye jinsi alivyobahatika. Jioni akimbembeleza, Uroš alitafuta kifuani pake, asipate kifungo cha shaba, akalia.

Ni Stamenka aliyesema kwamba njia ya kuyarudisha ipo. Maziwa yaliyochukuliwa kwa jicho hurudishwa kabla ya siku ya arobaini kupita. Hurudishwa palepale yalipochukuliwa, mama amekaa na mtoto mapajani, kifua wazi bila kufunikwa na kitu, na aliyeyachukua anampa mkate kwa mkono wake na kumwambia, chukua chako. Hufanywa mara moja tu. Neno linalosemwa mkate ukiwa mkononi ndilo linaloshika, na siku arobaini zikishapita maziwa huwa ya aliye nayo.

Nevenka alimweleza Blagoje kwenye kidirisha, kwa sauti ya chini. Alikubali kabla hajamaliza. Matiti yalikuwa yanamuuma, hawezi kulalia ubavu, mashati yameharibika. Na zaidi ya hayo alikuwa amempenda yule mtoto na kuona haya mbele ya mama yake. "Mimi sikukusudia, dada," alimwambia. "Siku yoyote utakayosema."

Wakachagua Ijumaa, siku ya thelathini na tisa, kwa kuwa ndiyo siku ya safari. Iliangukia sikukuu ya Mtakatifu Nikola, na ukumbi ulijaa watu wanaokwenda kuwapongeza jamaa zao, wenye chupa, wenye maua, wenye samaki waliofungwa kwenye karatasi. Blagoje alikuwa amenunua mkate wa duara kwa pesa yake na kuufunga kwa kitambaa safi. Stamenka alisimama nyuma ya benchi. Nevenka alikaa, akampakata Uroš, akavua skafu na kumpa mama mkwe. Akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, na cha tatu, akajipiga moyo konde na kufungua sweta lote.

Mwanamke mmoja aliugeuza uso wa binti yake ukutani.

"Jamani, mbele ya watoto?" alisema Zagorka, naye ana kikombe cha chai ya kisibiti mkononi.

Tihomir alitoka ofisini. Hakukasirika. Alifafanua kwamba tangazo la mlangoni linahusu watumishi, na abiria wana kanuni zao ambazo hazijabadilika. Yeye binafsi hana pingamizi na maziwa kurudishwa, ila yarudishwe nje. Stamenka akamwambia kwamba hayakuchukuliwa nje. Tihomir akajibu kwamba kanuni haiulizi yalichukuliwa wapi.

Nevenka hakujifunika. Alimtazama Blagoje, aliyekuwa amesimama hatua moja mbele yake na mkate umeshafunguliwa, amemnyooshea. Lilibaki neno tu. Wote walijua ni lipi, maana Stamenka alilisema asubuhi mara kumi, na Blagoje mwenyewe alikuja nalo njiani akilirudiarudia. Alimtazama mama, akamtazama mtoto. Macho yake yakateremka kifuani pa mama. Akafungua mdomo.

"Dada," alisema, "sio hapa."

Aliziba mdomo kwa mkono, lakini neno lilikuwa limeshatoka na mkate ulikuwa mkononi. Baadaye alisema hajui lilitokea wapi. Miaka ishirini na sita amekuwa akilisema mahali palepale, kwa wanawake wa kila namna, na siku ile lilijitokea lenyewe. Alilia, na hakuwa anajifanya. Nevenka hakumtukana. Alimuuliza Stamenka kwa macho kama linaweza kurudiwa, na Stamenka alianza kuikunja skafu.

Uroš alikuwa amechoka kungoja, akapiga kelele. Nevenka alimwinua na kumkabidhi, kwa kuwa mtoto lazima ale. Blagoje alikaa kwenye kiti kando ya jiko, akafungua sare. Mtu alikwenda kuhakikisha dirisha limefungwa. Zagorka alimsogezea chai.

Nevenka alifunga vifungo kuanzia cha chini, akatoka nje kusubiri mpaka mtoto ashibe. Upepo ulikuwa uleule wa korongoni na treni haikuwa imeonekana. Kupitia kioo cha mlango alimwona mwanawe anameza, mkono wake umeshika kifungo cha shaba, na alimwona mzee mmoja mwenye samaki kwapani akivua kofia. Watu walikuwa wamesogea na kufanya nusu duara, wametulia kabisa. Yule mzee alisema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, kwamba jambo zuri namna hii ni makosa kulificha.