Mafuta ya Usukani

Bujiku hakumwamini Bwana Kabuti tangu siku ya kwanza, na sababu ilikuwa mkono. Mzungu yule alishuka garini mbele ya gereji ya Jivanji mjini Shinyanga, akasalimia kwa Kiswahili safi cha migodini, na muda wote mkono wake wa kulia ulikuwa umezama katika mfuko wa kabuti. Hakuutoa kumsalimu Bujiku, fundi wa pale. Hakuutoa hata kufungua boneti. Alihangaika na vibanio kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayefunga ndama peke yake.

Ilikuwa Juni, mwaka hamsini na nne, pamba imeanza kumiminika kwenye jineri za kuichambua, na mtu kuvaa kabuti mchana wa Shinyanga lilikuwa jambo la kuulizwa. Ndiyo maana watu walimpa jina hilo. Alikuwa mtaalamu wa miamba kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita, amekaa nchini miaka ishirini. Gari lake lilikuwa la mashindano, la tangu kabla ya vita, jekundu, la watu wawili, limelala chini kiasi kwamba mbuzi angeweza kuliruka.

Nyuma ya kiti palikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na pampu, silinda yenye pistoni, tangi dogo na mapaipu, vyote vimetolewa kwenye deraya, gari la vita la jeshi, lililouzwa kama chuma chakavu. Bujiku alivitambua mara moja. Wakati wa vita alikuwa fundi wa Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika, katika karakana ya Nairobi, akaona deraya zito kama nyumba likigeuzwa kwa vidole viwili, kwa sababu mafuta ndiyo yaliyosukuma magurudumu. Bwana Kabuti alitaka gari lake nalo liwe hivyo. Alisema ameambiwa kwamba kuanzia Tabora hadi Mwanza ni Bujiku peke yake anayeijua kazi hiyo, kisha akaomba isitangazwe.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa Bujiku kooni. Ni kweli usukani wa gari lile ulikuwa mgumu, hasa kwenye mchanga. Lakini usukani mgumu dawa yake ni mabega, na yule bwana alikuwa na mabega ya maksai.

Jibu alipewa na Cornel, mchomeleaji wa gereji. Cornel alisema jambo liko wazi: mawe. Almasi zinatoka Songwa, na askari wa vizuizi hupekua viti, magurudumu, hata viatu, ila hakuna atakayetumbukiza mkono kwenye tangi la mafuta machafu. Akamkumbusha fundi mmoja wa Kahama aliyelitengenezea lori sakafu mbili. Mwenye lori aliponyoka, fundi akala miaka mitatu.

"Mwenye gari ana wakili," Cornel alisema. "Fundi ana spana."

Tangu hapo kila alichokifanya Bwana Kabuti kilikuwa na kivuli. Kila Jumamosi alikuja kuangalia kazi, kisha akaazima gari la Jivanji pamoja na dereva, akaenda Songwa. Mara ya kwanza alisema anakwenda kuwinda kanga, na dereva akasema hapakuwa na bunduki. Mara ya pili alisema kuna ubatizo wa mtoto wa rafiki yake, akarudi kabla hata wimbo mmoja wa kanisani haujaisha. Siku moja Bujiku alimnyooshea spana makusudi, upande wa kulia. Bwana Kabuti aliitazama, akazunguka mpaka upande wa pili, akaipokea kwa kushoto. Jasho lilikuwa likimtiririka.

Nyumbani Bujiku alimsimulia mkewe, Generosa. Alimsikiliza huku akichambua mchele, kisha akamuuliza kama amewahi kuliona jiwe lenyewe. Bujiku akakiri hajaliona.

"Basi, Baba Limi, hicho ulichonacho ni maneno ya Cornel," alisema. "Angalia mwenyewe, au nyamaza."

Na kazi, wallahi, ilikuwa nzuri. Bujiku alichonga puli akaifunga mbele ya injini, akaipa pampu mkanda wa ngozi. Silinda aliilaza chini, kando ya fimbo inayovuta magurudumu, ili dereva akigusa usukani tu mafuta yaende kusukuma upande ule ule. Wiki nzima alihangaika na mapaipu yaliyovuja. Siku alipowasha injini gari likiwa limesimama, akaugeuza usukani kwa kidole kimoja, magurudumu yakatii bila kinyongo. Kwa dakika ile alisahau kila kitu. Akacheka peke yake.

Jumamosi ya kulichukua, Bwana Kabuti aliomba aachwe na gari peke yake. Bujiku alitoka, lakini alichungulia kwenye ufa wa mabati. Alimwona amekaa kwenye usukani, kampa mgongo, akifanya kitu ambacho Bujiku hakukiona. Kisha akashuka, akafungua kifuniko cha tangi, akainama juu yake kwa muda mrefu. Alipomaliza aliaga kwamba anakwenda kula kwanza, ndipo aelekee Songwa.

Bujiku hakungoja. Alilegeza paipu, akayamwaga mafuta yote kwenye karai, akayachuja kwa kipande cha kanga. Alipata unga wa chuma, basi. Akaingiza kidole ndani ya tangi, akakizungusha. Hakuna kitu. Bado alikuwa amepiga magoti aliposikia sauti ya Jivanji akizungumza na Bwana Kabuti mlangoni. Alirudisha mafuta mbio mbio, akafunga paipu, akajifuta mikono.

Alijua kosa lake papo hapo. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mapaipu, na usukani wa namna ile ukiwa na hewa huwa na tabia ya punda: unakwenda vizuri, kisha unagoma ghafla. Ilitakiwa nusu saa ya kuitoa. Lakini kusema "subiri" kulikuwa ni kukiri kwamba amefungua. Bwana Kabuti alishukuru, akaketi, akaondoka. Pampu ilikuwa ikilia kama mbu. Bujiku aliisikia mpaka ilipopotea.

Alivumilia kama robo saa. Kisha alichukua pikapu ya gereji bila kumwomba mtu, akafuata barabara ya Songwa.

Alilikuta gari jekundu kwenye kona ya kwanza yenye mchanga, limetoka barabarani, pua imeingia katika kichaka cha miiba. Bwana Kabuti alikuwa amekaa chini, kabuti amelivua. Shavu lilikuwa na michubuko. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani, umekonda tangu begani hadi vidoleni, ngozi na mfupa, kama si wa mwili ule.

Bujiku alisimama mbele yake.

"Umeyafungua mafuta," Bwana Kabuti alisema.

"Nimeyafungua, Bwana."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mawe."

Bwana Kabuti aliuinua mkono ule kwa mkono wa kushoto, akauegemeza kifuani. Kisha akaeleza polepole kwamba mkono ule ulianza kufa mwaka uliopita, na kwamba Songwa kuna daktari anayemtazama bila kuandika popote. Mgodi ukijua, atapandishwa meli, na huko Ulaya hana mtu. Anapobadilisha gia kwa kushoto, huu wa kulia peke yake ndio unaobaki kushika usukani, na bila mafuta hauwezi. Pale gereji aliomba kuachwa ili aujaribu bila kutazamwa, na tangini alikuwa akiangalia tu kama mafuta yanatosha.

"Na mimi nilikushuku wewe," alimalizia. "Siku ile ya spana. Nilijisemea mgodi umekutuma kuuchunguza mkono."

Bujiku alipiga magoti kwenye mchanga, akaomba radhi. Wakalivuta gari kwa pikapu. Kisha Bujiku akalipandisha kwa jeki, akawa anaongeza mafuta huku Bwana Kabuti akiugeuza usukani, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, kwa mkono ule mgonjwa, mpaka mapovu yakaisha na pampu ikatulia. Gari likaondoka bila kelele.

Bwana Kabuti alifanya kazi miezi minane mingine, ndipo mgodi ukagundua, akasafirishwa. Bujiku hakumwambia mtu habari ya mkono, kwa kuwa hakuwa amepewa ruhusa, isipokuwa Generosa, aliyesikitika tu, hakumlaumu.

Cornel alimuuliza siku ile ile ya ajali alichokuta tangini. Bujiku akajibu hakukuta kitu. Cornel akatikisa kichwa kama asiyeamini, akarudi kwenye kazi yake ya kuchomelea. Mwaka uliofuata, Bujiku alipoezeka nyumba yake mabati kwa fedha za pamba ya mkewe, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kukubaliana mawe yalikwenda wapi.