Kiti Hakipakwi

Watu hudhani plastiki iliyopauka imekufa. Mimi nakataa. Jua limekausha ngozi ya juu tu; weusi wenyewe bado umo ndani, unangoja mtu mwenye subira. Bahati mbaya, subira ndiyo kitu mama yangu alichosahau kunigawia.

Pikipiki ya majini ya baba ilikaa uani muda wote alipokuwa amelala na kiharusi. Hatukuifunika turubai. Nani angekumbuka turubai, na mtu hawezi hata kushika kijiko? Baba alipoanza kutembea tena, akiuvuta kidogo mguu wa kushoto, tulikuta plastiki zote nyeusi, za usukani, za vioo na za ubavuni, zimegeuka rangi ya jivu.

"Tumezeeka pamoja," baba alisema, akacheka.

Mimi sikucheka. Bosi wa michezo ya majini alikuwa ametuma neno: Jumamosi baba aje apande mbele yake, azunguke boya. Akiridhika, baba atarudi kazini kubeba wageni. Asiporidhika, basi. Na bosi huyo ni mtu wa macho. Akiona chombo kimechakaa, huamini na mwenyewe kachakaa.

Nikakunja mikono ya gauni. Niliosha kwa sabuni na mswaki wa zamani mpaka chumvi yote ikatoka kwenye kona, nikakausha, ndipo nikawasha mashine ya hewa ya moto. Ni ndugu wa drai ya saluni, ila yenye hasira. Unaipitisha taratibu bila kusimama, maana ukisimama hata kupiga chafya, umeyeyusha. Jivu likaanza kukimbia, weusi ukapanda juu. Nilipomaliza upande mmoja nilimwita baba. Akaugusa kwa mkono wake wa kushoto, ule mgonjwa.

"Ala! Kumbe ulikuwemo," alisema.

Nililia. Nikasingizia joto la mashine.

Ijumaa akaja baba mdogo. Huyu ndiye mdogo wake baba, mwosha magari, na kwake yeye kitu kisichong'aa hakijaoshwa. Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya tairi, ile ya kung'arishia.

"Mwanangu, kazi nzuri. Ila kiti umekisahau."

"Sijakisahau. Kiti hakipakwi, Baba mdogo. Wala pa kukanyagia."

"Lakini kimefubaa."

"Kifubae hivyo hivyo."

"Sawa, mama, sawa," alisema, kwa sauti ile anayowaitikia watu asiokusudia kuwatii. Nikaingia ndani kuoga.

Jumamosi bosi alisimama ufukweni na miwani yake ya jua, mikono kifuani. Baba alivaa jaketi la kuokolea, akaingia kwenye maji ya kiunoni, akashika usukani, akapanda. Hata hajakaa sawasawa, aliteleza akaangukia upande wa pili. Akainuka, akajaribu tena. Akateleza tena. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Bosi akaanza kuangalia simu yake, na adabu hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Baba hakunitazama. Aliupiga mguu wake wa kushoto kofi moja, kama unavyompiga mtoto aliyekuaibisha mbele ya wageni.

"Mguu huu," alisema. "Basi, mwanangu. Tuirudishe nyumbani."

Niliingia majini na gauni langu. Nikaweka kiganja juu ya kiti, kikateleza chenyewe. Nikanusa vidole: dawa ya tairi. Damu ikanipanda kichwani. Niligeuka kumtafuta baba mdogo nikiwa na maneno ambayo binti hamwambii ndugu wa baba yake.

Alikuwa kwenye mchanga, na shati lake jeupe la kutokea. Alikuwa ameniona nikinusa. Sasa, baba mdogo anaogopa maji tangu utotoni. Magari yenyewe huyaosha amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, na mtaa mzima humcheka kwa hilo. Alivua viatu, akavipanga vizuri, akaingia.

"Jamani, nitazameni!" alipaza sauti, na sauti ilimtetemeka. "Mimi nina kiharusi? Miguu yangu si mizima yote miwili?"

Akapanda. Hakufika hata katikati ya kiti. Alianguka na ukelele, maji yakamfunika, akaanza kutapatapa, kwani mwoga wa maji haulizi kina. Kabla sijapiga hatua, baba alishamfikia. Alijikita kwenye mchanga kwa miguu yote miwili, akainama, akamnyanyua kwa ukosi wa shati.

"Simama, wewe! Maji ya kiunoni haya."

Baba mdogo alisimama, akakohoa, akamng'ang'ania. "Kaka, ni mimi. Nilikipaka kiti jana, huyu mtoto alinikataza. Nilitaka uonekane kijana. Si mguu wako, kaka. Wallahi si mguu wako."

Baba alikitazama kiti. Kisha akayatazama maji chini, pale miguu yake ilipokuwa imewabeba watu wawili bila yeye kujua.

Bosi alikuwa ameshatia simu mfukoni. "Mguu nimeuona," alisema. "Osheni hicho kiti, azunguke boya."

Nilikimbilia sabuni na brashi. Niliporudi nilitaka kusugua mwenyewe, hasira zilikuwa bado zinanidai, lakini baba alinizuia.

"Mpe yeye. Si ndiyo kazi yake?"

Baba mdogo akapokea brashi. Alisugua kile kiti kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mkono wa pili hakuutoa kwenye bega la kaka yake mpaka povu lote lilipoisha.