Siku Kumi na Moja Wazi

Pale maabara walimwita Funguo, maana hapakuwa na mfumo uliomshinda kuufungua. Majibu ya wagonjwa yalihifadhiwa kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, na kwa miaka tisa ruhusa zote zilikuwa mikononi mwake, yeye mkuu wa mitandao.

Dada wa usalama wa mifumo alipoajiriwa, alileta pendekezo kikaoni: kila mtu abaki na ruhusa za kazi yake tu, na iwepo sera moja ya taasisi nzima itakayomzuia yeyote, hata mkuu wa mitandao, kuufungua mtandao wao kwa ulimwengu mzima.

"Dada yangu," Funguo akasema, "mimi si mdokozi wa kufungiwa kabati nyumbani kwangu."

Watu wakacheka. Yule dada akafunga kompyuta yake taratibu, na pendekezo likawekwa kando.

Wiki tatu baadaye, Funguo alikuwa akihamisha majibu ya zamani. Mitambo ikagoma kuunganishwa. Kwa haraka zake akaruhusu kompyuta yoyote ya nje iingie, akijiambia ni dakika tano tu. Kazi ilipokwisha akaitwa mapokezi kutazama printa, akasahau. Siku kumi na moja mlango ukakaa wazi, hadi majibu yakaonekana yamebandikwa mtandaoni, majina na yote.

Jioni ile mdogo wa mkewe alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Ugonjwa aliomficha hata dada yake, sasa ulikuwa gumzo kazini kwake.

"Shemeji, wewe si uko pale? Niambie nani kafanya hivi."

Mkewe alikuwa akimtazama. Funguo angeweza kusema uchunguzi unaendelea.

"Ni mimi," alisema.

Shemeji aliushika mkoba wake. "Nilikwenda kupima pale kwa sababu yako," alisema, akainuka. Funguo hakuwa na pa kuweka uso.

Asubuhi alimfuata yule dada mezani kwake.

"Weka ile sera. Anza na mimi."

"Utabaki na ruhusa ya kutazama tu," akajibu, bila kejeli. "Ukitaka kubadilisha kitu, utaomba, mwingine aidhinishe."

"Sawa."

Kikaoni alieleza yote mwenyewe. Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku hizi mkewe humtembelea mdogo wake kila Jumamosi. Funguo humsindikiza hadi kona ya mtaa, kisha hurudi nyumbani.