Njiwa Wawili Weupe

Teksi ya Rifaat ilipopiga honi kwenye kona ya msikiti, kijiji kizima kilikuwa kimeshajipanga mbele ya nyumba ya mama yake, Bahiya. Hakuna aliyetaka kuchelewa. Anayetoka Hija anarudi msafi kama siku aliyozaliwa, na akiwaombea wenzake msamaha kabla hajavuka kizingiti chake, dua hiyo haina kizuizi. Akishaingia ndani, basi, ni Bahiya yule yule wa siku zote, na waliomjua Bahiya wa siku zote hawakutaka kumsubiri huyo.

Bahiya alishuka kwa shida, magoti yakimuuma, mweupe kuanzia ushungi hadi soksi. Vigelegele vikapasuka. Kitu cha kwanza alichokiona ni ukuta wake. Kama ilivyo desturi kwa anayehiji, fundi wa rangi alikuwa amechora Kaaba, ndege kubwa, ingawa Bahiya alisafiri kwa meli, na mwanamke mwembamba aliyeinua mikono.

"Huyu nani?" akauliza.

"Wewe, mama," akasema Rifaat.

"Mwongo mkubwa huyo fundi. Mungu amsamehe."

"Amin!" fundi akapaza sauti kutoka nyuma. "Jamani, mimi nimeshaombewa, nakwenda zangu!"

Wakaja mmoja mmoja. Mwalimu wa shule akataka aombewe kwa kila fimbo aliyowahi kuchapa. Mjane mmoja akataja maiti wake wote, akafika mpaka kwa babu ambaye jina lake mwenyewe hakulijua. Bahiya akawa anainua viganja na kuomba, "Ewe Mola, msamehe huyu, umsamehe na yule," na kila amin ilipoitikiwa moyo wake ulizidi kuwa mwepesi. Hakuwahi kupendwa hivyo maishani mwake. Lakini jicho lake lilikuwa likipanda juu kila mara, kwenye paa la jirani, penye mnara wa kufugia njiwa. Inshirah, mwenye paa hilo, hakuwa amekuja.

Habari yenyewe ilikuwa ya miaka mitatu. Njiwa wawili weupe wa Inshirah walihamia mnara wa Bahiya, na Bahiya akawachinja, akawajaza ngano changa, akawaoka. Kwa ujirani mwema akampelekea Inshirah sahani. Inshirah akala, akasifu, akaomba nyongeza. Asubuhi yake akaona manyoya meupe jalalani. Bahiya akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni njiwa wa sokoni. Tangu hapo hapakuwa na salamu. Wiki moja kabla ya safari, Bahiya alipokuwa akizunguka mlango kwa mlango kuomba radhi, alisimama hata mlangoni kwa Inshirah, akasema, "Nisamehe, jirani, kama kuna lolote." Inshirah akajibu, "Hilo lolote lina jina!" kisha akaufunga mlango kwa kishindo.

Sasa foleni ilikuwa imekwisha.

"Karibu ndani, mama, chakula kinapoa," akasema Rifaat.

"Siingii."

"Tangu tulipopita mji wa Kena unalia unataka choo!"

"Usinikumbushe, mwanangu." Bahiya akabana miguu, akainua uso. "Mama Sabri! We Inshirah! Shuka nikuombee!"

Kichwa cha Inshirah kikachomoza kati ya njiwa, ungo wa mtama mkononi. "Niombee huko huko. Masikio ninayo."

"Kule Arafa nimekuombea wewe wa kwanza, kabla hata ya mwanangu."

"Mama!" akasema Rifaat.

"Nyamaza, wewe ulikuwa wa pili."

Ungo ukatulia. "Ahsante sana, Hajati. Na wewe unataka nini kwangu?"

"Unisamehe."

"Kwa lipi?"

Bahiya alijua vizuri kwamba yaliyo kati yake na Mola wake ameyaacha Arafa, lakini haki ya Inshirah iko mkononi mwa Inshirah, na bila hiyo weupe wake wote ulikuwa nguo tu. Nyuma yake walisimama watu waliotoka kumbusu mkono sasa hivi. Akamtazama yule mwembamba wa ukutani. Yule hakuwa na la kukiri.

"Njiwa!" akasema kwa sauti. "Wale wawili weupe. Walikuwa wako, nami nilijua kabla sijashika kisu. Nikakulisha njiwa wako mwenyewe, kisha nikaapa uongo kwa jina la Mungu. Na nyama yenyewe ilikuwa ngumu!"

Inshirah akauweka ungo chini.

"Haikuwa ngumu," akasema Inshirah taratibu. "Ilikuwa tamu. Ndiyo maana iliniuma."

Mwalimu alikuwa wa kwanza kushindwa kuzuia kicheko. Kikaenea uwanja mzima, na Inshirah akashuka akicheka na kulia, manyoya yamemganda kwenye gauni. Akamkumbatia Bahiya kwa nguvu.

"Nimekusamehe, Mama Rifaat, duniani na akhera. Tangu uondoke, kila alfajiri nakuombea: Mola, msamehe Bahiya, na umfungue mdomo. Haya, fanya upesi, na mimi niombee. Nilimfungia mlango mtu anayekwenda Hija!"

Wakainua mikono wote wawili kwa pamoja, huyu akimwombea yule na yule akimwombea huyu, sauti zikagongana, na watu, wasijue dua ipi ni ya nani, wakaitikia amin kwa zote. Bahiya akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akakimbia moja kwa moja chooni, na vigelegele vikamsindikiza mpaka huko.

Aliporudi, sinia lilikuwa limeandaliwa. Rifaat alikuwa ameagiza mama yake apikiwe chakula anachokipenda kuliko vyote, njiwa waliojazwa ngano changa, wamepangwa wanang'aa kwa samli. Inshirah alikuwa ameshaketi mbele yao, hajagusa kitu.

"Hajati," akasema, "hawa ni wa nani?"

"Wangu, wallahi..."

Inshirah akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiape," akasema. "Nakuamini." Akamega paja.