Meneja Mlangoni

Mbwa yule walimwita Meneja. Jina alipewa na mama wa nyumba ile siku ileile alipoletwa, akiwa bado kifurushi cha manyoya meusi. Watu walikuwa wakihamisha kabati, naye akakaa kitako katikati ya chumba akawatazama.

"Huyu ni meneja kabisa," mama alisema. "Kazi yake kuangalia wenzake wakitoka jasho."

Mama aliwajua mameneja. Tangu ujana wake alikanda unga katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, hadi kiwanda kilipofungwa. Watoto wake walikua wakimwona akitoka jua linapozama, aproni imekunjwa kwapani, na kurudi alfajiri akinukia hamira. Wengine wote walikuwa wameshajiendea mbali. Aliyebaki naye ni binti wa mwisho, ambaye mpaka leo, na mvi zake kichwani, bado aliitwa Kitinda.

Kitinda alipiga pasi kwa dobi. Mchana kutwa alisimama kwenye mvuke akinyoosha kola za mashati ya watu, na jioni alirudi nyumbani miguu imemvimba. Kilichomfariji njiani ni kujua kwamba atamkuta mama kwenye kiti chake, na Meneja miguuni pake akitafuna kandambili ya mtu.

Kisha ghafla Meneja akabadilika.

Mchana hakuwa na neno. Alikula, alicheza, aliwabwekea kuku wa jirani. Lakini mwanga wa dirishani ukianza kuwa wa njano, alisimama. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mama, kutoka kwenye kiti hadi mlangoni, masikio yamelala nyuma, mwili unamtetemeka, akilia kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Mwishowe alijilaza juu ya kizingiti, na hapo hata umwite kwa nyama hakubanduka.

Hivyo ndivyo Kitinda alivyomkuta kila jioni, naye mama kasimama katikati ya chumba, kilemba kichwani, viatu miguuni, uso umemtoka jasho.

"Huyu mbwa atanitoa roho," mama alisema. "Nikigeuka yupo, nikisimama yupo."

"Mbona umevaa viatu, mama?"

"Nilitaka kutoka nje nipunge upepo. Hanipishi!"

Jibu lilikuwa zuri. Kitinda akalipokea kama mtu anayepokezwa mtoto aliyelala, bila kumgeuzageuza. Alikuwa ameshapokea mengine ya namna hiyo. Chumvi ndani ya chai: nani asingechanganyikiwa na kelele zile? Sufuria iliyoungua mpaka ikatoboka: mama alikuwa anamfukuza mbwa. Na siku mama alipomwita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa, Kitinda alimkaripia Meneja.

Alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimtazama masikio, akamfunua meno, akambonyeza tumbo. Meneja akamlamba mkono.

"Mzima huyu. Jioni kunatokea nini hapo nyumbani?"

"Hakuna kitu, daktari. Mimi narudi kazini, mama yupo. Basi."

"Basi mtembeze. Mbwa mchanga ana nguvu nyingi."

Akamtembeza, haikusaidia. Akaanza kumwombea. Kila usiku alipiga magoti kando ya kitanda chake akasema, "Ee Mungu, mponye kiumbe chako huyu, nyumba yetu ipate amani." Aliomba kwa moyo wote, na kila alipofika mahali pa kumtaja mama, ulimi ulipita haraka, kama mguu unaoruka dimbwi.

Jioni moja alifika mlangoni, funguo mkononi, akasikia sauti ya mama ndani.

"Nisamehe, meneja. Nimechelewa kidogo tu leo. Nipishe niingie."

Kitinda alicheka peke yake pale nje. Mama na mizaha yake! Kesho yake aliwasimulia wenzake wa pasi, nao wakacheka mpaka mmoja akaunguza shati la mteja. Maana mama alikuwa mtu wa utani tangu zamani, hata siku kiwanda kilipofungwa aliwaambia watoto wake, "Maji yamezidi unga, wanangu, na safari hii si kosa langu." Nani angejua utani umekwishia wapi?

Kisha ikaja siku aliyokuta sketi ya mama imechanika pindoni na mkono wake una michubuko. Kipande cha kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye meno ya Meneja, naye alikuwa bado amelala kizingitini akihema.

"Amenivuta," mama alisema, akilia kama mtoto. "Nilikuwa natoka, akanivuta."

Kitinda hakungoja zaidi. Asubuhi alimfunga Meneja kamba, akampeleka kwa fundi magari upande wa pili wa soko, aliyekuwa akitafuta mlinzi wa gereji.

"Anaitwa nani?"

"Meneja. Lakini fundi, nisikufiche, ana kichaa cha jioni."

"Meneja!" Fundi alicheka. "Basi mimi sasa ni kibarua wake."

Jioni ile Kitinda aliomba ruhusa, akawahi nyumbani. Mama alikuwa amechoka, akalala mapema. Nyumba ilikuwa kimya. Kitinda alipiga magoti akashukuru mpaka machozi yakamtoka.

Siku zilizofuata alirudi kama kawaida, akamkuta mama amekaa, viatu vina vumbi. Hakuuliza vumbi limetoka wapi.

Wiki hiyo haijaisha, alipotoka kazini alipitia gereji na mifupa kwenye mfuko. Jua lilikuwa linazama, ile saa yenyewe. Akamkuta Meneja chini ya gari bovu, tumbo juu, anakoroma.

"Dada, ulinitisha bure," fundi alisema. "Jua likizama tu, huyu analala kama gogo. Kila siku."

"Halii?"

"Alie nini? Hana ugonjwa. Labda ugonjwa wenyewe mmeubakiza huko kwenu." Akacheka. Hakuwa na ubaya wowote.

Kitinda aliweka mifupa chini. Alianza kutembea, kisha akakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu, na msumari uliotundikiwa aproni kuukuu haukuwa na kitu. Hakujiuliza aende wapi. Kiwanda siku hizi ni ghala la vigae, na mama alikuwa amesimama mbele ya lango lake la bati, aproni kwapani, akigonga kwa kiganja.

"Nifungulieni! Unga utachacha!"

"Mama."

Mama aligeuka, akamtazama kwa adabu. "Wewe ni wa zamu mpya, dada?"

"Mimi Kitinda, mama."

"Kitinda nimemwacha amelala," mama alisema, akishusha sauti. "Bado mdogo. Sipendi alale peke yake, ila nitafanyaje?"

Kitinda alimshika mkono. Alimwambia leo zamu imeahirishwa, tanuri limeharibika. Mama akakubali, akalalamika njia nzima juu ya matanuri ya siku hizi.

Jioni ya pili yake Kitinda aliacha pasi mapema, na dobi akamwambia asiizoee tabia hiyo. Dirisha lilipoanza kuwa la njano, alifunga mlango, akaketi chini juu ya kizingiti, mgongo kwenye mbao. Ubao wa chini ulikuwa na mikwaruzo ya kucha, mingi. Alijaribu kuomba. Lakini maombi yake yalikuwa yamekwisha kujibiwa: alimwomba Mungu amponye mbwa, na mbwa alikuwa mzima. La pili hakujua alianzie wapi. Alisema tu, "Ee Mungu."

Mama alitoka chumbani, kilemba kichwani, viatu miguuni, aproni kwapani. Alimwona mtu amemzibia njia. Akasimama, akaweka sawa kilemba chake.

"Nisamehe, meneja," alisema. "Nimechelewa tena."